Vidokezo 8 vya Kupata Kikundi cha Kuacha Pombe

Wengi hujaribu kuacha pombe kimyakimya, peke yao. Jumatatu wanaapa, Ijumaa mshahara unaingia na kiapo kinavunjika. Kumbe mtaa wa pili huenda kuna watu waliopita humohumo, wanaokutana kila wiki na kushikana mkono. Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi. Hawabandiki mabango barabarani, kwa hiyo kuwapata kunataka mbinu kidogo.

1. Mwili kwanza
Kama asubuhi mikono haitulii mpaka uzimue, usikate pombe ghafla nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na maruweruwe, na wengine hufa. Pitia hospitali upewe dawa za kutuliza hali hiyo. Kikundi kitakusubiri.

2. Piga simu, uliza swali lililonyooka
Kenya, laini ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bila malipo. Tanzania, anzia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa. Walioko Dodoma wana Hospitali ya Mirembe, ya afya ya akili. Usiseme tu "naomba msaada." Sema: "Natafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe karibu na hapa. Wanakutana wapi, siku gani, na wanazungumza Kiswahili au Kiingereza?"

3. Waulize wanaoona mengi
Ofisa ustawi wa jamii, muuguzi wa kliniki ya akili na mtunza ukumbi wa kanisa wanajua nani hukutana wapi. Usishtuke ukielekezwa kanisani: AA hupanga ukumbi tu, haina dhehebu, na Mwislamu anakaribishwa sawa na Mkristo. Zanzibar na Tanga, uliza kwenye nyumba za waraibu wanaopata nafuu, zile watu wanazoziita soba hausi. Wakazi wengi wa humo wanapambana na heroini, lakini hatua 12 za kujinasua zinazofuatwa humo zilianzia AA.

4. Hakikisha kabla ya kulipa nauli
Vikundi huhama ukumbi na kubadilisha saa, na ratiba ya intaneti inaweza kuwa ya zamani. Piga simu siku hiyohiyo. Ukiwa mbali na mji, kuna mikutano ya mtandaoni. Tafuta bando, vaa spika za masikioni, na kamera unaweza kuizima.

5. Jua mkutano wa wazi na wa wenyewe
Mkutano wa wazi anaingia yeyote, hata dada yako anayekusindikiza au mwanafunzi wa uuguzi. Mkutano wa wenyewe ni wa wale tu wanaotaka kuacha kunywa. Sharti la uanachama ni hilo moja: nia ya kuacha. Huulizwi kama jana ulikunywa gongo, chang'aa au wiski ya bei mbaya. Mke, mume, mzazi au mtoto aliyechoshwa na pombe ya mwenzake naye ana kikundi chake, Al-Anon, kilichoanza mwaka 1951.

6. Ukiogopa kuonekana, vuka mtaa
Panda daladala au matatu hadi upande ambao hakuna anayekujua. Ndani utajitambulisha kwa jina la kwanza tu, na linalosemwa humo halitoki nje. Mara ya kwanza si lazima useme neno. Kaa, sikiliza, kunywa chai kama ipo.

7. Kipime kikundi
AA haitozi kiingilio wala ada. Kikapu kinapita kwa ajili ya kodi ya ukumbi na chai. Usiye nacho, kipitishe. Akitokea mtu wa kukuuzia dawa ya kumaliza hamu kwa siku tatu, au wa kukudai pesa ili usamehewe, ondoka. Kama wewe ni mwanamke na umejikuta peke yako kati ya wanaume, uliza kama kuna mkutano wa wanawake. Na usikihukumu kwa jioni moja: hudhuria mara tatu nne, kisha jaribu kingine. Ukimwona mtu ambaye maneno yake yamekugusa, mwombe namba ya simu. Ndiye utakayempigia Ijumaa kiu ikipanda.

8. Hakuna kikundi? Wawili wanatosha
AA yenyewe ilianza na walevi wawili tu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikutana na daktari Bob Smith. Kila mmoja aligundua kwamba kuzungumza na mlevi mwenzake kulimsaidia kukaa bila kunywa. Hadi leo AA inahesabu walevi wawili watatu waliokutana ili waache pombe kuwa kikundi kamili. Kama kijijini kwako unamjua mmoja anayetaka kuacha, mnahitaji mahali tulivu, siku maalumu ya wiki, na saa isiyobadilika.

Basi usingoje hadi uwe umeacha ndipo uende. Wanaohudhuria walikwenda wakiwa bado wamelemewa, baadhi wakinuka pombe ya jana. Chukua simu leo, kabla jua halijazama.