Somo: Maswali Matatu Kuhusu Ukumbi wa Shabaha

Ukumbi wa ndani wa shabaha ni jengo ambamo askari, walinzi na raia wenye leseni ya silaha hujifunza kulenga mbele ya mkufunzi. Kabla jengo kama hilo halijafunguliwa mpakani, sisi polisi hatuna budi kujua iwapo wananchi wanalitaka, nao wananchi wajue la kuuliza.

Kwanza, sauti. Mlio wa bunduki huweza kupita desibeli 140, kiwango kiwezacho kudhuru masikio papo hapo. Kuta zikiwa nyembamba, familia zilizowahi kukimbia vita zitadhani vimerejea.

Pili, hewa. Jina lenyewe latufundisha: risasi hurushwa na bunduki, na risasi ni madini yenye sumu. Kila mfyatuo huacha vumbi. Hewa isipovutwa kutoka nyuma ya mlengaji kuelekea shabaha na kuchujwa, mlengaji hulivuta vumbi hilo, kisha hulipeleka nyumbani katika nguo zake. Watoto wadogo ndio hudhurika zaidi.

Tatu, hesabu. Nani hufunga ghala, nani huhesabu risasi asubuhi na jioni? Mataifa ya ukanda wetu yalitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kudhibiti silaha ndogo. Risasi isiyohesabiwa haisimami mpakani kuonyesha pasi.

Katika vikao vya vijiji tutawauliza: mwautaka ukumbi huu, kwa masharti gani? Anayekataa naye ajitokeze. Jibu lake tutaliandika kama la mwenzake.