Kudisko chuo si mwisho wa kusoma

NDUGU msomaji, wiki chache zilizopita nilikuwa natoka mjini kurudi nyumbani Mangapwani. Ndani ya daladala nikakaa karibu na kijana wa kijijini kwetu, mwanafunzi wangu wa zamani. Akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo maalim," nami nikamwitikia. Nikamuuliza habari za chuo, akasema nzuri. Nikamuuliza mitihani ya muhula inaanza lini. Akanyamaza. Tulipopita Bububu akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini: "Maalim, mimi chuo sipo tena. Nimedisko. Nyumbani hawajui."

Miezi minne kijana huyu alikuwa akiamka asubuhi, anavaa vizuri, anabeba mkoba wake, mama yake anampa nauli na fedha ya chakula, naye anakwenda mjini kushinda Forodhani na barazani kwa rafiki zake mpaka alasiri. Fedha ile mama anaipata kwa kuuza muhogo na dagaa.

Sikumgombeza. Nisingeweza kumgombeza, kwa sababu mwaka 2009 aliyekuwa akibeba mkoba mtupu kutoka Mangapwani kwenda mjini alikuwa mimi. Kwa hiyo leo nimeona niache mada nyingine zote, niandike somo kwa ajili ya kijana huyu na wenzake, na kwa ajili ya wazazi wao.

Kudisko ni nini?

Wanafunzi wa vyuo vyetu wana msamiati wao. Akifeli somo moja au mawili akatakiwa kufanya mtihani wa marudio, husema ana "sapu". Akishindwa kabisa kufikia kiwango, chuo kikamwondoa masomoni, husema "amedisko". Kati ya hayo mawili kuna hali nyingine: kubeba somo ukalirudie mwaka unaofuata, kurudia mwaka mzima, na kuahirisha masomo kwa ruhusa kwa sababu ya maradhi au shida nyingine. Hali hizi hazilingani, na dawa zake hazilingani. Lakini mtaani zote huitwa jina moja tu: "Kafukuzwa chuo." Na wazee wetu wengine wakisikia neno chuo, wao wanafahamu madrasa, basi fedheha inakuwa mara mbili.

Katika vyuo vikuu vyetu vingi alama A huhesabiwa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1 na E sifuri. Pointi hizo huzidishwa kwa uzito wa kila somo, kisha hutafutwa wastani, nao ndio unaoitwa GPA. Ili upate shahada, wastani wako usishuke chini ya 2.0. Kuanzia 2.0 hadi 2.6 ni daraja la kufaulu tu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza.

Hebu tufanye hesabu. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Chukua mwanafunzi aliyeponea chupuchupu mwaka wa kwanza, baada ya sapu, kwa wastani wa 2.0. Ana pointi 240. Mwaka wa pili akajitahidi akapata 3.0, hizo ni pointi 360. Mwaka wa tatu akapata 3.6, ni pointi 432. Jumla ni pointi 1,032. Gawa kwa 360 utapata 2.8 na ushei. Mtu aliyekuwa ukingoni mwa kuondolewa amemaliza na daraja la pili la chini.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, mwaka mmoja mbaya haufuti maisha ya mtu. Pili, mwaka huo haufutiki. Utaendelea kukuvuta chini mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo anayesema "nitajitahidi mwaka wa mwisho" anajidanganya.

Yaliyonifika mimi

Nilipofeli masomo manne katika chuo kimoja cha juu, nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Nilisema mwalimu fulani hanipendi. Nilisema Kiingereza kigumu. Nilisema sisi watoto wa shamba hatuna nafasi kwa watoto wa mjini. Nikaingia katika uwongo ule ule wa huyu kijana, na wangu ulidumu wiki saba, mpaka jirani mmoja aliyekuwa na binti yake katika chuo hicho alipomuuliza mama yangu, bila ya ubaya wowote, kama nimeshapata pahala pengine pa kusoma.

Mama hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Na zile fedha za nauli?" Swali hilo ninalisikia mpaka leo. Kufeli mtihani niliweza kulieleza. Fedha zile sikuweza kuzieleza.

Baada ya hapo nilifanya kazi ya kubeba mchanga na kufyatua matofali kwa karibu mwaka mzima. Jioni nikichoka nilikaa nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu muhula wa kwanza: hivi nilikuwa nasoma saa ngapi?

Ndugu msomaji, swali hili lina jibu la hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikiwa ni pamoja na mihadhara, kusoma peke yake, mazoezi na mitihani. Krediti 120 kwa mwaka ni saa 1,200. Muhula mmoja ni saa 600. Ukigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Mimi nilipojihesabia kwa uadilifu, niliona nilikuwa nasoma saa 15 au 16. Zilizobaki zilikuwa za mpira, barza, na kutembeza wageni mjini kwa ajili ya kupata fedha ya mfukoni. Mwalimu hakuwa na kosa lolote. Kiingereza changu kilikuwa dhaifu kweli, lakini dhaifu wa lugha anahitaji saa zaidi, wala si pungufu.

Mwaka 2010 niliomba chuo kingine nikaanza mwaka wa kwanza upya, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wengi darasani. Mwaka 2013 nikamaliza, na daraja langu ni la pili la chini. Si jambo la kujivunia sana, lakini ndilo linaloniweka mbele ya ubao mpaka leo.

Wenye kurudi ni wengi

Nchi hii ina historia ya wanafunzi waliorudishwa nyumbani kisha wakarudi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana pamoja na wenzao wa vyuo vingine hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika, na zaidi ya wanafunzi 300 wakarejeshwa makwao. Mwaka uliofuata wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni. Kweli, kosa lao halikuwa la alama, lilikuwa la msimamo na nidhamu. Lakini mlango uliofungwa kwa hasira ya Rais wa nchi ulifunguka tena.

Na kwa upande wa alama, tazameni India. Ramanujan, ambaye leo wanahisabati wa dunia nzima wanamjua, alipoteza ufadhili wake katika chuo cha Kumbakonam kwa sababu alizama katika hesabu akayaacha masomo mengine. Akaenda chuo kingine, akafeli tena. Hakupata shahada India. Lakini mwaka 1918 alichaguliwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza. Simleti Ramanujan ili kila aliyefeli ajione ni yeye. Aliyefeli kwa kuzama katika hesabu si sawa na aliyefeli kwa kuzama barazani. Namleta ili tufahamu kuwa karatasi ya matokeo inapima ulichofanya muhula ule, haipimi ulivyoumbwa.

Afanye nini aliyedisko?

La kwanza, aseme nyumbani, na aseme mapema. Kwetu Mangapwani wageni huja kuangalia pango la matumbawe lenye maji baridi chini yake. Wazee husimulia kuwa pango lile lilijulikana pale kijana mtumwa alipopotelewa na mbuzi wake, akasikia analia chini ya ardhi, akaifuata sauti mpaka akamkuta, na akayakuta na maji. Mbuzi yule aliokolewa na sauti yake. Angenyamaza angefia humo humo.

La pili, aisome barua yake neno kwa neno, pamoja na kanuni za mitihani za chuo chake. Ameondolewa moja kwa moja au amesimamishwa kwa muda? Anaruhusiwa kuomba tena, na baada ya muda gani? Rufaa mwisho wake lini? Rufaa ina siku zake, na zikipita hakuna anayekusikiliza. Tena rufaa si maombi ya kuonewa huruma. Ina maana pale ambapo alama imekosewa, utaratibu haukufuatwa, au kulikuwa na maradhi yenye ushahidi. Kama sababu ni uvivu, usiupotezee chuo muda, wala usiupoteze wako.

La tatu, aandike sababu za kweli katika karatasi. Fedha? Maradhi? Lugha? Fani aliyochaguliwa na baba? Saa za kusoma? Kila sababu ina dawa yake. Anayerudi bila ya kuijua sababu atadisko mara ya pili, na mara ya pili ni nzito zaidi.

La nne, aende mwenyewe bodi iliyompa mkopo aulize hesabu yake imesimama vipi, badala ya kutegemea maneno ya wenzake. Deni halifutiki kwa mtu kukaa kimya.

La tano, achague njia ya kurudi. Wapo wanaoomba upya chuo kile kile, wapo wanaohamia chuo kingine, wapo wanaoshuka ngazi ya cheti au stashahada na kupanda tena. Kipo pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho mtu anasoma huku anafanya kazi zake, na kina kituo hapa Zanzibar. Kushuka ngazi si aibu. Aibu ni kusimama chini ya ngazi ukasema umeshafika juu.

Nanyi wazazi

Wazazi wenzangu, naomba radhi kwa nitakayosema. Watoto wetu hawadanganyi kwa kupenda uwongo tu. Wengi wanadanganya kwa sababu wanatujua. Tumewatangaza kijiji kizima kuwa ni madaktari na mawakili kabla hawajafanya mtihani hata mmoja. Mtoto anapofeli anaona ameuangusha ukoo mzima, basi anaona afadhali ashinde Forodhani na njaa.

Sisemi mtoto asiambiwe kosa lake. Aambiwe, na kama amekula nauli ailipe kwa jasho lake. Mimi yangu niliilipa kwa matofali. Lakini muulizeni mapema, na muulizeni kwa namna ambayo jibu la kweli litaweza kutoka. Badala ya "Unafaulu?" muulizeni "Somo gani linakutesa?"

Nirudi kwa kijana wangu. Aliniomba nifuatane naye kwa baba yake, na usiku ule baada ya sala ya Isha tulikwenda. Alisema mwenyewe, mimi nilikaa tu pembeni. Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Ilete hiyo barua, maalim atusomee." Tukaisoma kwa taa ya simu. Ndani yake tulikuta siku za kukata rufaa zimepita zamani, wakati kijana anabeba mkoba kwenda Forodhani. Na tulikuta somo moja ambalo yeye mwenyewe anaamini alama zake za majaribio hazikuingizwa. Pengine angesikilizwa, pengine asingesikilizwa. Hatutajua tena.

Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza, na ndiyo sababu nimeandika. Sasa anajitayarisha kuomba upya, na asubuhi anakwenda na baba yake baharini. Inshaallah atarudi darasani. Na wewe kijana unayesoma makala hii na barua yako umeificha chini ya godoro, itoe leo. Hesabu siku zilizobaki.

Wabillahi tawfiq.