Mji Kama Jukwaa: Fanani wa Usiku Mjini York

Makala haya yanajadili matembezi ya usiku mjini York, Uingereza, kama utendaji wa fasihi simulizi. Mji huo ulianzishwa na Warumi mwaka wa 71 B.K. Tangu 1973, wageni wamekuwa wakiongozwa vichochoroni mwake na wasimulizi waliovaa maleba ya kale, wakisikiliza visa vya mizuka.

Fanani wa aina hii hana jukwaa wala pazia. Mandhari yake ni kuta halisi, na hadhira yake hutembea. Anaposhusha sauti, wasikilizaji humsogelea. Anaponyamaza, giza hukamilisha kisa.

Mfano bora ni kisa cha Treasurer's House. Mwanagenzi wa ufundi wa mabomba, Harry Martindale, alisimulia kwamba mwaka wa 1953, katika chumba cha chini ya nyumba hiyo, aliona askari wa Kirumi wakipita, wakionekana kuanzia magotini kwenda juu. Walipofika palipofukuliwa, miguu yao ilionekana ikikanyaga barabara ya kale. Barabara hiyo ni ya kweli. Askari ni ushuhuda wa mtu mmoja.

Hapa ndipo penye utata. Uhalisi wa mahali huweza kukivisha kisakale joho la historia. Fanani asipotenganisha mambo haya mawili, hadhira huondoka na hofu bila maarifa. Hivyo basi, mtafiti wa fasihi simulizi asitosheke kunakili maneno ya fanani. Sharti achunguze pia mahali yanaposimuliwa, kwani mahali napo hushawishi.