Nyumba ya Mbogani, Chini ya Vilima vya Ngong

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi na kuelekea upande wa Ngong, akiisha kwenda maili kama 10 hufika katika mtaa uitwao Karen. Huko, nyuma ya miti mirefu, iko nyumba ya mawe isiyo na ghorofa, iliyoezekwa kwa vigae, na baraza yake yatazama vilima vya Ngong. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho, na wageni hutoka nchi za mbali kuja kuitazama. Wengi wao huja kwa ajili ya mtu mmoja tu, bibi aliyekaa humo kwa muda wa miaka 14. Lakini nyumba hiyo imepitia mikono ya watu wengi, na habari zake zafaa kusomwa tangu mwanzo, maana mna habari ya ardhi pia, wala si ya mawe na vigae tu.

Kabla haijawekwa jiwe la kwanza, nchi ile ilikuwa mpakani. Upande wa vilima Wamasai walichunga ng'ombe wao, na upande wa Dagoretti Wakikuyu walilima mashamba yao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa walowezi mashamba kwa muda wa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikauongeza muda huo hata kuwa miaka 999. Kwa sheria hiyo ya pili, hata ardhi waliyoikalia Waafrika ilihesabiwa kuwa ni ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921 Mahkama Kuu ikaamua kwamba Mwafrika katika nchi hiyo ni mpangaji tu, akaaye kwa hiari ya Mfalme. Msomaji na aliweke neno hilo moyoni, kwani litarudi mbele.

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi mmoja, fundi mhandisi, jina lake Åke Sjögren. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba kahawa italeta utajiri wa haraka katika nchi ya Kenya, naye Sjögren alikuwa na mashamba ya kahawa upande ule. Mwaka 1913 aliuza shamba lake moja kwa Bror Blixen, Mswidi mwenzake wa ukoo wa kibwana, ambaye alikuwa amekuja kwa nia ya kufuga ng'ombe, kisha akageuza shauri. Mchumba wake, Karen Dinesen wa Denmark, alimfuata kwa meli, wakaoana Mombasa tarehe 14 Januari 1914. Kwanza walikaa katika nyumba nyingine, karibu na mto Mbagathi. Ilipofika mwaka 1917 ndipo walipohamia katika nyumba ya Sjögren, nayo ikaitwa Mbogani.

Shamba lililokuwa pamoja na nyumba hiyo lilikuwa la eka 4,500. Katika hizo eka 600 zilipandwa mibuni, nyingine zilikuwa msitu na majani, na sehemu kubwa ililimwa na Wakikuyu walioitwa maskwota. Skwota aliruhusiwa kujenga, kulima na kuchunga mifugo yake katika shamba la mlowezi, naye kwa malipo ya ruhusa hiyo alipaswa kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kila mwaka, kama ilivyoagizwa na sheria ya mwaka 1918. Wengi wa watu hao walizaliwa palepale, na baba zao kabla yao, wakamwona mlowezi kuwa ndiye mgeni aliyekuja kukaa kwao.

Kahawa haikustawi. Shamba lilikuwa juu ya futi 6,000, mahali pa baridi kidogo kwa mibuni, na mvua ilikuwa haba. Mbuni huchukua miaka kadhaa kabla haujaanza kuzaa vizuri, na katika muda huo madeni hayangoji. Mwaka 1921 Bwana Blixen aliondolewa katika usimamizi wa shamba, na bibi akaachiwa kazi yote. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikateketea kwa moto. Mwaka 1925 ndoa yenyewe ikavunjika.

Katika miaka hiyo nyumba ya Mbogani ilikuwa na watu wa namna nyingi. Msimamizi wa mambo ya nyumbani alikuwa Farah Aden, Msomali, mtu wa heshima na mwenye akili katika hesabu. Kijana wa Kikuyu, Kamante Gatura, aliletwa akiwa na vidonda vya miguu; akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu, akarudi mzima, kisha akawa mpishi hodari. Chifu Kinyanjui wa Dagoretti, aliyefariki mwaka 1929, alikuwa mgeni wa kawaida katika nyumba hiyo. Watoto waliochunga mbuzi walikuwa wakija saa sita mchana, wakae kimya sebuleni wakingoja ndege wa mti atoke katika saa ya ukutani na kulia. Akiisha kulia, huenda zao kwa kicheko. Bibi alifungua shule kwa ajili ya watu wa shamba, na asubuhi aliwatibu wagonjwa, ijapokuwa hakuwa daktari.

Hata hivyo nyumba haikuwa mali ya bibi. Mwenye shamba alikuwa kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, na fedha zake zilitoka kwa jamaa zake huko Denmark, mkubwa wao akiwa mjomba wake, Aage Westenholz. Mjomba huyo naye alikuwa na binti aitwaye Karen, na kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba jina la kampuni, na la mtaa wa leo, lilitoka kwa binti huyo wala si kwa bibi wa Mbogani. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mwaka 1929, kampuni ikaamua kuuza. Bibi hakuwa na la kufanya. Katika jambo hilo yeye na maskwota wake walikuwa sawa: walikaa na kufanya kazi mahali pale miaka mingi, na jina la mmojawapo halikuandikwa katika hati.

Lakini usawa huo uliishia hapo. Bibi alikuwa na kwao pa kurudi. Maskwota walipewa notisi ya miezi sita waondoke na mifugo yao, na kwa sheria hawakuwa na haki ya kudai lolote. Hawakuomba fedha, waliomba wasitawanywe, wapewe mahali ambapo wataweza kukaa wote pamoja, jirani kwa jirani kama walivyozoea. Bibi alitumia miezi yake ya mwisho akienda ofisi moja hata nyingine mjini Nairobi kwa ajili yao. Mwishowe Serikali ikawakatia sehemu ya msitu wa akiba wa Dagoretti, si mbali na shamba la zamani. Mwaka 1931 bibi akapanda meli, asirudi tena. Kitabu alichokiandika juu ya maisha hayo kilitolewa mwaka 1937, na mwenyewe alifariki kwao Denmark tarehe 7 Septemba 1962.

Mnunuzi, Remy Marin, hakutaka kahawa. Aliligawanya shamba katika viwanja vya eka 20, akaviuza kwa watu waliotaka kukaa nje ya mji, na hivyo ndivyo mtaa wa Karen ulivyoanza. Mwaka 1935 nyumba ilihamishwa kwa jina la Luteni Kanali Lloyd wa jeshi la Waingereza, naye alikaa humo kimya mpaka alipokufa mwaka 1954, ikawa urithi wa binti zake wawili. Baadaye ilipita kwa wengine.

Mwaka 1964 Serikali ya Denmark iliinunua, ikaitoa kwa Serikali ya Kenya kuwa zawadi ya Uhuru. Penye shamba la nyumba hiyo kikafunguliwa chuo cha mafunzo ya chakula bora, na mkuu wa chuo akapewa Mbogani akae. Mwaka 1985 watu wa sinema walipokuja kuutengeneza mchezo wa maisha ya bibi, walipiga picha katika ile nyumba ya kwanza ya Mbagathi. Kwa hiyo mgeni asemaye ameiona Mbogani katika sinema, ameona nyingine. Mwaka 1986 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Vyombo vingi bibi alikuwa amemwuzia Lady McMillan, na baadhi yake vilitafutwa vikarudishwa mahali pake.

Nje, katika miti, mashine za kahawa zimesimama zikiota kutu, na watoto wa shule wanaoletwa kutembea huzipanda kabla mwalimu hajawaita.