Somo la Msimu: Namna ya Kuwasha Trekta la Dizeli Asubuhi ya Baridi



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye baridi kali katika Nyanda za Juu Kusini. Katika kata za miinuko ya Njombe na Makete, na hasa katika Uwanda wa Kitulo ulio takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, zipo asubuhi ambazo nyasi huonekana nyeupe kwa sakitu. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kusomba mavuno kwa tela na kutifua mashamba mapema. Trekta likigoma saa moja asubuhi, hasara haimpati mmiliki peke yake. Waliokwisha kulipia ekari zao husubiri, na vibarua walioitwa hukaa bila kazi.

Hasara ya namna hiyo hufidiwa siku ya pili. Isiyofidiwa ni ile inayoletwa na njia za mkato: moto kuwashwa chini ya injini, petroli kumwagwa kwenye njia ya hewa, au stata kupigwa shoti kwa bisibisi. Somo hili linaeleza kwa nini dizeli hugoma kwenye baridi, hatua zipi zifuatwe, na mambo gani yasifanywe kabisa.

Chanzo cha tatizo

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda kwa kiasi cha mara 14 hadi 22, na kwa kushindiliwa huko hupata joto linaloweza kuzidi nyuzi 500 za Sentigredi. Nozeli inaponyunyiza dizeli katika hewa hiyo, mafuta huwaka yenyewe. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli amegusa kanuni hii kwa mkono wake, kwani pampu hupata moto. Kwa kanuni hiyo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha injini yake katika majaribio ya mwaka 1897.

Baridi huidhoofisha injini kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, chuma cha silinda kilichopoa hunyonya joto la hewa iliyoshindiliwa. Pili, oili huwa nzito, hivyo stata hulazimika kutumia nguvu nyingi kuizungusha injini. Tatu, betri yenyewe hupungukiwa nguvu. Katika nyuzi 0 hupoteza takriban theluthi moja. Injini ikizunguka polepole, hewa hupata nafasi ya kuvuja na kupoa kabla mafuta hayajawaka. Kwa hiyo kila hatua iliyo sahihi hulenga mojawapo ya mambo mawili: kurudisha joto, au kuongeza kasi ya mzunguko.

Maandalizi ya jioni

Kazi ya kuwasha trekta asubuhi huanza jioni iliyotangulia.

1. Jaza tangi la dizeli baada ya kazi. Tangi lililo nusu hubaki na hewa, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone ya maji usiku. Maji hayo hutuama chini na kufika kwenye chujio; yafungue na kuyamwaga mara kwa mara.
2. Kagua vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, kausha, kaza nati, kisha paka grisi.
3. Tumia oili iliyotajwa katika kitabu cha trekta. Katika maandishi kama 15W-40, namba ya kwanza ndiyo inayohusu baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka kwa urahisi zaidi injini ikiwa imepoa.
4. Katika maeneo ya sakitu, usiweke maji matupu kwenye rejeta. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yanaweza kupasua rejeta au hata injini. Tumia maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, kwa kipimo cha mtengenezaji.
5. Egesha trekta mahali tambarare, chini ya paa au nyuma ya kizuizi cha upepo.

Hatua za asubuhi

1. Keti kwenye kiti cha dereva. Hakikisha gia iko huru, breki ya mkono imevutwa, na shafti ya kuendeshea zana imezimwa. Waondoe watoto na watazamaji.
2. Washa hita ya injini kabla ya stata. Katika matrekta mengi ufunguo una nafasi ya joto; ushikilie hapo kwa sekunde zilizoandikwa kitabuni, mara nyingi kati ya 10 na 20. Madereva wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayorudisha joto lililopotea.
3. Kanyaga klachi hadi mwisho. Hapo stata huzungusha injini peke yake, bila kukokota gia zilizozama katika oili nzito.
4. Weka mkono wa mafuta takriban theluthi moja, kisha piga stata kwa muda usiozidi sekunde 15.
5. Ikigoma, subiri dakika 2 kabla ya kurudia, ukianza tena na hita. Stata inayopigwa mfululizo huungua, na betri huisha.
6. Ikishawaka, hakikisha taa ya oili imezimika. Iache injini inguruma taratibu kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuipa mzigo. Usikanyage mafuta kwa nguvu; oili nzito huchelewa kufika katika sehemu za juu za injini.

Moshi ni dalili

Moshi mweupe wakati wa kupiga stata huonyesha kwamba dizeli inafika lakini haiwaki: joto halitoshi, au injini inazunguka polepole. Kagua hita na betri. Pasipo moshi wowote, yaelekea dizeli haifiki; chujio limeziba, au hewa imeingia kwenye mabomba na inapaswa kutolewa. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto ni sababu ya kumwita fundi.

Yasiyopaswa kufanywa

Usiwashe moto wala usiweke jiko la mkaa chini ya injini. Mabomba ya dizeli na mabaki ya oili hushika moto haraka.

Usiweke petroli, wala dawa ya kuwashia ya kupuliza, kwenye njia ya hewa ya injini yenye hita. Mvuke wake hulipuka unapokutana na hita iliyo moto, na unaweza kuvunja pistoni na kumjeruhi aliye karibu.

Usipige stata shoti ukiwa umesimama chini. Njia hiyo huruka vizuizi vya usalama. Trekta lililo kwenye gia huondoka papo hapo, na gurudumu la nyuma humkuta aliyeinama kando yake.

Usiegeshe mlimani kwa nia ya kuliserereusha asubuhi. Injini ikichelewa kushika, trekta hushuka na tela bila dereva kuwa na uwezo kamili wa kulizuia. Betri mbovu dawa yake ni kuichaji au kuibadilisha.

Usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Wajibu wa kila mmoja

Kikundi chenye trekta la pamoja kimkabidhi mtu mmoja ukaguzi wa jioni, naye aandike katika daftari alichokikagua. Mwananchi anayekodi trekta naye ana sehemu yake: asimshurutishe dereva kuharakisha. Dakika 10 za kulipasha trekta joto ni chache kuliko siku nzima ya kumsubiri fundi, na ni chache mno zikilinganishwa na maisha ya mtu.

Kwa ushauri zaidi kuhusu matunzo ya zana za kilimo, fika katika ofisi ya kata yako uonane na Afisa Ugani.