Baba mkwe, mkanda na safari ya Lubumbashi

*Yaya mpendwa,*

*Naishi Pweto. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, na mwisho wa mwezi baba yake atatupeleka Lubumbashi, hospitali, kwa Prado yake ya usukani wa kuume. Safari iliyopita nilishika mkanda wa kiti cha nyuma nijifunge. Baba mkwe akageuka: "Mkwe, unaona sijui kuendesha?" Nikauachia. Mke wangu alikaa mbele bila mkanda, maana watu wanasema unabana mimba, na mtoto wetu wa miaka mitatu alimpakata. Baba mkwe mwenyewe anavuta wa kwake akiona polisi wa roulage tu. Anasema porini hakuna polisi, na gari likitumbukia mtoni mkanda ndio utakaotuua. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?*

*Mkwe mwenye aibu, Pweto*

Ndugu yangu,

Kwetu mkwe hamsahihishi baba wa mke wake, sembuse ndani ya gari lake na kwa mafuta yake. Kwa hiyo sikutumi ukamfundishe kuendesha. Nakupa hoja nyingine, ambayo hata mzee mwenye kiburi cha usukani hawezi kuikasirikia: mkanda wa aliyekaa nyuma humlinda aliyekaa mbele.

Gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, gari linasimama lakini wewe husimami. Mwili wako unaendelea kwa mwendo ule ule hadi ukutane na kitu kigumu, na pigo lake ni kama la mtu aliyeanguka kutoka mita 10 juu. Kwa kilomita 70, hesabu karibu mita 20. Sasa tazama kilicho mbele yako: kiti cha baba mkwe. Hata awe amejifunga barabara, utamfuata mgongoni na uzito wako wote, umbane kwenye usukani. Watafiti wa Japani walichunguza ajali za nchi yao na mwaka 2002 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet: wa mbele waliokuwa wamefunga mikanda walikuwa katika hatari ya kufa karibu mara tano zaidi pale abiria wa nyuma walipokuwa hawakufunga. Ni Japani hiyo hiyo inakotoka sehemu kubwa ya magari tunayoendesha Katanga.

Basi mkiingia garini, kabla hajawasha, mwambie kwa sauti ya chini: "Baba, nafunga nisije nikakuangukia." Hapo hujagusa uendeshaji wake hata kidogo. Mkwe kumwangukia baba mkwe mgongoni, tena kwa kishindo, ni utovu wa adabu ambao hakuna mbuzi wa kuufidia. Akinuna, mwachie mke wako. Yeye ni mtoto wake, anaweza kumwambia yasiyosemeka kinywani mwako.

Sasa mke wako, maana hapo ndipo barua yako iliponitia wasiwasi. Kongo tunaendesha upande wa kuume, na Prado yenu ina usukani kuume. Shofere yuko upande wa majani, abiria wa mbele yuko upande wa katikati ya barabara. Umeona mwenyewe jinsi dereva wa gari la namna hiyo akitaka kulipita lori linalotimua vumbi njia ya Kasomeno, anamuuliza wa pembeni: "Kuna kitu kinakuja?" Huyo wa pembeni ndiye aliye karibu na hicho kinachokuja. Na kiti hicho ndicho mlichompa mama mjamzito na mtoto mapajani. Wahamishie nyuma wote wawili, mama akae nyuma ya shofere. Wewe nenda mbele ukamsaidie mzee kutazama barabara, ukiwa umefunga. Ile sentensi yako basi mwachie mke wako aiseme, yeye ndiye atakayekuwa mgongoni kwa baba yake.

Mkanda haubani mimba ukivaliwa panapostahili. Ule wa chini upite chini ya tumbo, ulale juu ya mifupa ya nyonga, karibu na mapaja, kamwe usipite juu ya tumbo. Ule wa bega upite katikati ya matiti na kushuka kando ya tumbo. Usilegee, wala usipitishwe chini ya kwapa kwa kuwa shingo inakereka, maana ukiwa hapo huvunja mbavu. Akivaa kitenge kinene au koti, alivute kando ili mkanda ukae karibu na mwili. Mtoto aliye tumboni hulindwa kwa kumlinda mama yake.

Yule wa miaka mitatu asipakatwe. Hakuna mikono inayoweza kumshika gari likigonga, hata mikono ya mama. Na msimfunge pamoja na mama katika mkanda mmoja, kwa sababu mwili wa mama ndio utakaomponda. Kinachomfaa ni kiti cha watoto, na kama kuna fedha mtakayotumia vizuri mkifika Lubumbashi, ni hiyo. Kwa safari ya kwenda, mkiwa hamna, akae peke yake kiti cha nyuma, mkanda wa chini ukaze nyongani, ule wa bega usimkate shingo. Si kamili, lakini ni afadhali kuliko mapajani.

Hoja ya mto nimeisikia mara nyingi, na kwa watu wanaoishi pale Luvua inapotoka ziwani Mweru naielewa. Lakini ajali nyingi si za majini, na hata ya majini huanza kwa kugonga. Aliyefunga hubaki na fahamu zake na kufungua kwa kidole gumba. Aliyegonga kichwa kwenye kioo hafungui chochote. Na gari likibiringika kwenye changarawe, asiyefunga hutupwa nje, mara nyingine gari likamlalia.

Kuhusu roulage: Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya barabara, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977, unataka dereva na abiria wafunge mikanda katika viti vilivyo nayo. Hausemi mbele tu. Lakini sheria haikamati porini. Kenya waliona hilo baada ya amri ya waziri John Michuki, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004, kwamba mikanda iwekwe katika viti vya matatu, yaani mabasi yao madogo ya abiria. Abiria wengi waliishia kuishikilia tumboni polisi akionekana, wakaiachia akishapita.

Siku moja kabla ya safari omba ufunguo "ulioshe gari". Inua vitambaa vya viti, maana humo ndimo vifungio vya nyuma vinamozama tangu gari linunuliwe. Vuta kila mkanda kwa ghafla: ukikwama, mzima. Ukiteleza tu, au ukiwa umechanika kingo, mwambie mzee ubadilishwe, na ule uliokwisha kupata ajali pia. Ukikuta kile kipande cha chuma kinachochomekwa ili kengele inyamaze, kitoe.

Na magunia ya chisense, wale samaki wadogo wakavu, mnayowapelekea ndugu yasipangwe juu ya kiti wala nyuma ya vichwa vyenu. Yalale chini kabisa, yafungwe kwa kamba.