SOMO LA VIKUNDI: Efekti za kurekodia nyimbo, zilizokuja na programu au za kununua kando?



Kwaya au kikundi cha vijana kikitaka kurekodi nyimbo zake hapa Keumbu, siku hizi si lazima kipande matatu kwenda studio mjini. Kompyuta ndogo, maikrofoni na chumba kilichotulia vinatosha kuanza. Shida huanzia pengine. Kijana anayeshughulika na kompyuta anasimama mkutanoni na kusema, "Wazee wetu na akina mama, sauti yetu haijaiva kwa sababu hatuna plagini. Tununue." Mweka hazina anafungua kitabu. Pesa zile zimechangwa kidogo kidogo kila wiki, na wengi waliozichanga hawajui plagini ni mdudu gani. Somo hili ni lao hasa.

Plagini ni programu ndogo inayoingizwa ndani ya programu kubwa ya kurekodi ili kubadilisha sauti. Ekwalaiza huongeza au hupunguza besi na sauti nyembamba. Kompresa hushusha pale mwimbaji anapopaza mno, ili hata pale anapoimba pole asikike. Iko ya mwangwi, ambayo hufanya sauti iliyorekodiwa chumbani isikike kama imeimbwa ukumbini. Na iko ya kunyoosha sauti iliyokwenda kombo. Inayojulikana zaidi ni Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, zamani alitumia hesabu za mawimbi ya sauti kutafuta mafuta chini ya ardhi. Ndiyo, mafuta ya petroli!

Sasa, efekti hizi huja kwa njia mbili. Nyingine zimo tayari ndani ya programu. Ukichukua Audacity, ambayo ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2000, utakuta ekwalaiza, kompresa na mwangwi zimo. Reaper nayo ina zake, kama ReaEQ na ReaComp. Reaper unaruhusiwa kuijaribu siku 60, halafu leseni ya mtu binafsi au kikundi kidogo ni dola 60, yaani kama shilingi 7,800 kwa kiwango cha mwaka 2025. Njia ya pili ni efekti za kampuni nyingine. Mlango huo ulifunguliwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996 ilipotoa utaratibu uitwao VST, ambao unamruhusu fundi yeyote kutengeneza efekti itakayoingia kwenye programu ya mwingine.

Je, za kununua ni bora? Kwa ekwalaiza na kompresa za kawaida, hapana, tofauti ni ndogo kuliko bei inavyodai. Kazi ni hesabu ile ile. Mara nyingi unacholipia ni picha nzuri ya vifungo na wepesi wa kutumia. Kwenye mwangwi na kunyoosha sauti, hapo kweli zipo za kampuni nyingine zinazoshinda zile za ndani. Lakini hata hapo si lazima ulipe: Valhalla Supermassive ya mwangwi ni ya bure tangu 2020, na TDR Nova ya ekwalaiza pia ina toleo la bure. Zichukueni kwa watengenezaji wenyewe, si kwa mtu wa flashi sokoni.

Juu ya hiyo flashi tuseme wazi. Plagini iliyovunjwa kufuli mara nyingi hubeba virusi, na kompyuta ya chama ikifa, hesabu za chama zinakufa nayo. Tena ni wizi: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Kwaya inayolia kwamba nyimbo zake zinanakiliwa bila malipo itasema nini?

Za kununua zina mtego mwingine. Mkipeleka wimbo kwa fundi mwingine na yeye hana plagini ile, utafunguka ukiwa na pengo. Kwa hiyo kila sauti itoeni pia kama faili ya kawaida, efekti ikiwa imeshaingia. Halafu bei nayo hubadilika. Machi 2023 kampuni ya Waves ya Israel ilitangaza kwamba plagini zake sasa zitapatikana kwa kulipia kila mwezi au mwaka tu. Watumiaji walipiga kelele, na baada ya siku chache ikarudisha njia ya kununua moja kwa moja.

Na obokano yetu? Angalieni orodha ya mipangilio iliyo tayari kwenye plagini: utaona gitaa, piano, ngoma. Obokano haipo. Nyuzi zake nane na lile bakuli kubwa la ngozi hutoa mvumo mzito wa chini, na mpangilio wa gitaa unaweza kuukata ukidhani ni uchafu. Kifaa cha kunyoosha sauti nacho huvuta kila noti kuelekea piano, na mpigaji wetu hakaziki nyuzi kwa piano, hukaza kwa sikio lake. Mkiisafisha hivyo mtabaki na obokano isiyo obokano. Afadhali ekwalaiza ya ndani, mkono mwepesi, na mzee anayeijua awe ameketi hapo akisikiliza.

Mvua ya alasiri juu ya mabati, hiyo hakuna plagini itakayoiondoa vizuri. Rekodini asubuhi. Mwangwi wa ukuta wa simiti pia ni mgumu kuutoa ukishaingia, basi tundikeni mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kijana wa kompyuta atengeneze wimbo mmoja mara mbili: A kwa efekti za ndani, B kwa plagini ya kujaribu bure. Sauti zote mbili ziwe na nguvu sawa kabisa, maana sikio hupenda iliyo juu zaidi hata kama si nzuri. Asiseme ipi ni ipi. Wachezeeni wanachama mara tatu, mkibadilisha mpangilio, na kila mtu aandike chaguo lake bila kumwangalia jirani.

1. Wangapi walichagua ile ile mara zote tatu?
2. Wapigaji wa obokano walichagua ipi, na kwa nini?
3. Kati ya mablanketi, maikrofoni na plagini, kipi kinatangulia kwa pesa zilizopo? Katibu aandike majibu kwenye kitabu cha mkutano.